Jinsi ya kuomba kusoma miswada na barua za Emily Dickinson

Kwanza ujue karatasi unayoitafuta iko wapi. Dickinson, mshairi wa Marekani, alifariki Amherst, Massachusetts, mwaka 1886, akaacha karibu mashairi 1,800, na ugomvi wa ndugu na wahariri ukaigawa miswada yake. Sehemu kubwa iko Maktaba ya Houghton, Chuo Kikuu cha Harvard, na nyingine Chuo cha Amherst. Barua nyingi alizomwandikia Thomas Wentworth Higginson, mwandishi aliyemwomba ushauri, ziko Maktaba ya Umma ya Boston. Ombi likienda kusiko, umepoteza muda.

Kisha tazama picha za miswada. Emily Dickinson Archive, tovuti inayozikusanya, iko mtandaoni bure tangu 2013. Tafuta kwa mstari wa kwanza, maana mashairi yake karibu yote hayana vichwa. Utaona hadi vile vimisalaba anavyoweka kando ya neno, na maneno mbadala aliyoyaandika chini ya ukurasa. Nakili namba ya kumbukumbu ya hati. Ukitaja namba ya shairi, taja na toleo: wahariri wake Johnson (1955) na Franklin (1998) hawahesabu sawa.

Wasomaji wengi picha zinawatosha. Kama hazikutoshi, andika barua ya ombi kwa Kiingereza, na hapa ndipo pa kutuliza akili. Karatasi hizi ni dhaifu, penseli inafifia, na kila anayezishika anazichakaza kidogo. Mhifadhi ana haki ya kukuuliza kwa nini. Kumpenda mshairi hakutoshi. Eleza kitu ambacho picha haikionyeshi. Mfano mzuri ni vijitabu 40 alivyovishona kwa mkono wake: vilifumuliwa baada ya kifo chake, na matundu ya sindano pamoja na madoa vilimsaidia Franklin kurudisha mpangilio wa kurasa. Swali la namna hiyo linahitaji karatasi yenyewe. Jitambulishe, taja utafiti wako, orodhesha hati chache tu kwa namba zake, na tarehe unazopendekeza.

Fungua akaunti ya msomaji kwenye tovuti ya maktaba husika, uweke nafasi. Usilipie viza wala tiketi kabla hujapata jibu la maandishi.

Siku yenyewe nenda na pasipoti na penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi, na begi linabaki nje ya chumba cha kusomea.

Ukitaka kuchapisha picha au shairi, omba ruhusa hiyo kwa barua nyingine. Kibali cha kusoma hakikupi haki ya kuchapisha.