Kabla ya kusasisha vifurushi vya Python, jiwekee njia ya kurudi

Usianze na amri ya kusasisha. Ingia kwanza kwenye venv ya mradi wako (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi huo), si Python ya mfumo mzima, kisha hifadhi hali ilivyo kwa pip, programu ya kusakinisha vifurushi:

`pip freeze > kabla.txt`

Mambo yakiharibika, `pip install -r kabla.txt` itakurudishia matoleo yaleyale. Baada ya hapo `pip list --outdated` itakuonyesha vilivyopitwa na wakati, toleo ulilonalo na toleo jipya.

Sasa sasisha kimoja kimoja:

`pip install --upgrade requests`

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani vitegemezi vyake, yaani vifurushi vingine ambavyo requests inavihitaji, kama urllib3, navyo vimesasishwa. Hapana. Tangu pip toleo la 10, la mwaka 2018, kitegemezi huguswa pale tu toleo lililopo lisipokidhi masharti ya kifurushi unachosasisha. Ukitaka vyote visasishwe, ongeza `--upgrade-strategy eager`. Mimi siitumii bila sababu ya msingi, maana inagusa vitu vingi kwa mpigo, na hitilafu ikitokea hujui imetoka wapi.

Ukimaliza, endesha `pip check`. Itakutajia kifurushi chenye mgongano, toleo kinalohitaji na lile lililopo. Halafu endesha majaribio ya mradi.

Na namba ya kwanza ya toleo ikibadilika, tuseme kutoka 1.9 hadi 2.0, soma maelezo ya mabadiliko kabla hujagusa chochote. Mara nyingi hapo ndipo fankisheni za zamani huondolewa.