Kuvuka Pito la Scott Elliot katika Milima ya Rwenzori

Pito la Scott Elliot, magharibi mwa Uganda, lina mwinuko wa takriban mita 4,370 na hupenya kati ya Mlima Stanley na Mlima Baker. Ugumu wake hautokani na kimo peke yake. Ukishalivuka, unashukia bonde la maziwa ya Kitandara, ambako kambi iko kwenye mita 4,000 hivi, na huwezi kutoka humo kwa njia ya kawaida bila kupanda tena: ama urudi ulikotoka, ama uvuke Pito la Freshfield, lenye mita 4,280 hivi. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea au kurudi hufanywa kwenye kambi ya Bujuku, kabla ya kuvuka.

Safari huanzia Nyakalengija, karibu na mji wa Kasese, kwenye mita 1,600 hivi, na lazima uwe na mwongozaji. Wapagazi na waongozaji wengi ni Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo; wakikuambia mto umejaa, usibishane nao. Miezi inayofaa zaidi ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ingawa hata katika miezi hiyo huko mvua haiishi bali hupungua tu.

Kwa kawaida usiku wa kwanza hulalwa kambi ya Nyabitaba, wa pili kambi ya John Matte na wa tatu Bujuku, ambayo inakaribia mita 4,000. Ushauri wa kitabibu unaotumika sana ni kwamba, ukishapita mita 3,000, kimo cha mahali pa kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na ratiba hiyo haiachi nafasi kubwa kwa mtu ambaye mwili wake unachelewa kuzoea. Ningependekeza ulipie siku moja zaidi ukae John Matte au Bujuku, hata ikikubidi upunguze matumizi mengine.

Kuhusu vifaa, nitasisitiza viatu. Buti za ngozi za bei kubwa hulowa asubuhi ya kwanza kwenye vinamasi na hazikauki tena, ilhali gambuti za kawaida, kama zile wanazovaa wakulima, ndizo zinazofaa. Ziwe na nafasi ya soksi mbili nene za sufu, na uzizoee kabla ya safari kwa kutembea nazo kwenye vilima. Nguo za pamba ziache nyumbani, kwa kuwa zikilowa huondoa joto la mwili haraka. Weka seti moja ya nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, nayo usiivae njiani kwa hali yoyote, hata unapotetemeka asubuhi ukilazimika kurudia suruali mbichi ya jana. Hiyo ni ya kulalia.

Jioni ya Bujuku jipime bila kujidanganya. Maumivu ya kichwa yanayotulia kwa maji na mapumziko si tatizo kubwa, lakini yakiambatana na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au uchovu usio wa kawaida, baki ulipo na usipande hadi yaishe. Mtu anayepepesuka, anayechanganyikiwa au anayehema akiwa amekaa ashushwe mara moja kuelekea John Matte, hata ikiwa ni usiku.

Siku ya kuvuka, ondokeni mapema. Njia hupita matope ya kando ya Ziwa Bujuku, kisha hupanda kwa ukali katikati ya mimea ya senesio mikubwa kama miti, na kuna mahali pa kupanda kwa ngazi ya chuma. Ikiwa imelowa, apande mtu mmoja mmoja. Tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Kwenye mawe yaliyofunikwa na kuvumwani (utando unaoota juu ya mawe), kanyaga kwa unyayo wote na uijaribu fimbo kabla ya kuiegemea.

Kitandara lala mapema, kwani kesho yake kuna Freshfield, na baada yake mteremko mrefu wenye utelezi hadi kambi ya Guy Yeoman. Huko magoti huumia kuliko mapafu, hivyo fupisha hatua na mwachie mpagazi mzigo wako.