Kuongeza uwezo wa seli ya GSM kabla ya kutafuta masafa mapya

Seli (eneo linalohudumiwa na antena za upande mmoja wa mnara) ya GSM, yaani mtandao wa simu wa 2G, yenye TRX mbili (vifaa vya kurusha na kupokea, kimoja kwa kila mkondo wa masafa) ina nafasi za muda 16, kwa sababu kila mkondo wa masafa wa kHz 200 hukatwa vipande vinane vya mikrosekunde 577. Toa nafasi moja ya BCCH (chaneli inayotangaza taarifa za seli) na moja ya SDCCH (chaneli ya ishara za kuanzisha simu), zinabaki 14 za mazungumzo (TCH). Jedwali la Erlang B linaonyesha kwamba, ukikubali simu 2 kati ya 100 zikose njia, nafasi 14 hubeba erlangi 8.2 (erlangi moja ni njia moja inayotumika saa nzima). Mteja anayeongea sekunde 90 katika saa ya kilele ni erlangi 0.025. Basi seli inatosha wateja 328 hivi.

Kabla ya kugusa chochote, soma takwimu za wiki nzima na utenganishe simu zilizokataliwa kwenye SDCCH na zilizokataliwa kwenye TCH. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa fedha. SDCCH huanzisha simu, hupitisha SMS, na husajili upya kila simu inayovuka kutoka LAC moja (kundi la seli ambamo mtandao hutafuta simu) kwenda nyingine. Kwa hiyo seli iliyo mpakani mwa LAC mbili, hasa kando ya barabara kuu, hujaa SDCCH huku TCH ziko wazi. Dawa yake ni kugeuza nafasi moja ya TCH iwe SDCCH/8, ambayo hutoa njia nane, au kuhamishia mpaka wa LAC mahali penye pilikapilika chache.

Ikiwa kilichojaa ni TCH, washa chaneli nusu: simu mbili hupokezana nafasi moja, fremu kwa fremu. Ruhusu nafasi 4 zigawanywe na utapata njia 18, yaani erlangi 11.5 na wateja karibu 460. Njia zimeongezeka kwa asilimia 29, mzigo kwa asilimia 40, maana kundi kubwa la njia hutumika vizuri zaidi kuliko dogo.

Usizigawanye zote. Chaneli kamili ina kbps 22.8, nusu ina 11.4, hivyo biti za kuilinda sauti hupungua na mteja aliye mbali na mnara husikia sauti ikikatika. Tumia kodeki (mfumo wa kubana sauti) ya AMR, inayobadilisha mgawo wa biti za sauti na za ulinzi kulingana na hali ya mawimbi, anza kugawanya seli ikishajaa asilimia 70 hivi, na simu yenye RxQual (kipimo cha makosa ya biti, 0 nzuri hadi 7 mbaya) zaidi ya 4 irudishwe chaneli kamili. Washa pia upangaji upya ndani ya seli. Bila huo, simu nusu mbili hukaa kwenye nafasi mbili tofauti na faida yote inapotea.

TRX ya tatu huja baada ya hapo: nafasi 22, erlangi 14.9. Hakikisha E1 (laini inayounganisha mnara na mtandao) ina nafasi mbili za kbps 64 zilizo huru, pamoja na ya ishara. Masafa yake yaachane na yale ya seli hiyohiyo kwa kHz 400 au zaidi, na yasigongane na ya majirani. C/I (uwiano wa mawimbi unayoyataka na yanayoyaingilia) ikishuka chini ya desibeli 9, mazungumzo huharibika. Angalia kombaina, kifaa kinachounganisha TRX kadhaa kwenye antena moja: kila hatua ya kombaina ya haibridi hula desibeli 3 hivi, yaani nusu ya nguvu, na seli husinyaa. Wateja wa pembeni wakianza kulalamika siku ileile ulipofunga TRX, pima nguvu kwenye fida (kebo inayopanda kwenye antena) kabla ya kulaumu antena.