Jinsi ya Kulinganisha Nibu za Kalamu ya Wino kwa Mwandiko Wako Mwenyewe

Herufi EF, F, M na B zinazochongwa kwenye nibu huzipanga kuanzia nyembamba mno hadi nene, lakini hazitaji upana halisi wa mstari, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote. M ya Pilot au Sailor za Japani kwa kawaida huandika mstari unaokaribia F ya Pelikan au Lamy za Ujerumani. Namba 5 au 6 nayo, ambayo huwapotosha wengi, ni ukubwa wa bati la nibu tu.

Kwa hiyo andika. Tumia wino uleule na karatasi ileile kwa nibu zote, kwani wino unaotiririka kwa wingi kwenye karatasi inayonyonya huifanya F ionekane kama M. Andika sentensi moja kwa ukubwa na kasi yako ya kila siku, bila kuupamba mwandiko. Mimi hutumia "Mwalimu amemaliza mazoezi mapema", kwa sababu imejaa herufi e na a zenye matundu, pamoja na m zenye miguu iliyobanana. Taja jina la nibu pembeni papo hapo. Ukifika sampuli ya nne utakuwa umeshazichanganya.

Kisha litazame tundu la e. Katika mwandiko wangu, ambao e yake haizidi milimita 2, nibu ya milimita 0.5 huliacha wazi, ilhali B inayokaribia milimita 1 hulizibisha, na neno "mazoezi" likabaki safu ya madoa. Mwenye mwandiko mkubwa hukutana na kinyume chake: EF humkondesha herufi na kuanika kila mtikisiko wa mkono.

Nibu bapa za kaligrafia, kama za milimita 1.1 na 1.5, hupimwa kwa namna nyingine. Chora msalaba, makali ya nibu yakiwa sambamba na mstari wa daftari: mstari wa wima utakuwa mnene na wa mlalo mwembamba. Yageuze makali hadi digrii 45, na mistari hiyo miwili italingana, tofauti ya unene ikihamia kwenye mishazari. Ukilegeza pembe katikati ya neno, sampuli itakudanganya.

Kimo nacho kina hesabu yake. Katika hati ya italiki, mwili wa herufi huchukua takriban upana wa nibu mara 5, kwa hiyo 1.1 huhitaji milimita 5.5 na 1.5 huhitaji 7.5. Kwenye daftari lenye mistari ya milimita 8, hata hiyo 1.1 haitoshei pamoja na vichwa vya h na mikia ya g, hivyo acha mstari mmoja wazi kati ya sampuli na sampuli.