Lakteti imerudi 4.6 usiku wa manane: isome hivi kabla hujakimbilia dripu

Wadogo zangu mlioko interni na nyie manesi wapya, hili swali nimeulizwa mara tatu wiki hii kwa hiyo naandika mara moja tu. Mgonjwa ana homa, presha imeshuka, anahema mbiombio, mmeshasema ni sepsisi, yaani maambukizi yamemlemea mpaka viungo vinaanza kugoma, maabara inarudisha lakteti 4.6 (milimoli kwa lita ya damu) na mtu wa kwanza kufungua mdomo anasema "seli hazipati oksijeni, mwaga maji." Ngoja kwanza bana.

Lakteti, yaani kile kinachobaki seli ikikata sukari bila kuichoma kwa oksijeni, sio uchafu. Hapo ulipokaa unaitengeneza, kama milimoli 20 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, chembe nyekundu za damu kwa mfano hazina mitokondria kabisa, yale majiko ya seli ya kuchomea sukari kwa oksijeni, kwa hiyo sukari yao yote inaishia kuwa lakteti. Afu ini na figo zinaichukua zinaigeuza glukosi tena, moyo nao unaichoma kama mafuta, ndo maana ukipima mtu mzima wa afya unakuta chini ya 2.

Sasa kama umewahi kupita Muheza msimu wa machungwa utanielewa haraka. Rundo kando ya barabara linakuwa kubwa kwa sababu mbili, wachumaji wameongeza kasi, au mafuso ya kubebea yamepungua. Kwenye sepsisi mara nyingi ni vyote viwili. Adrenalini inapanda, inaamsha pampu za sodiamu na potasiamu kwenye misuli, pampu zinataka nguvu ya chapchap na nguvu ya chapchap inatoka kwenye kukatakata glukosi, chembe nyeupe nazo zikishaingia vitani zinakula sukari kama hazina akili nzuri. Piruveti, yaani vipande vya glukosi iliyokatwa, inajaa. Kawaida ingeingia mitokondria ikachomwe huko lakini inflamesheni, ule moto wa mwili kupambana na vijidudu, imebana mlango, yaani kile kimeng'enya cha piruveti dihaidrojenesi kimepunguzwa kasi, kwa hiyo piruveti inageuka lakteti. Na ini, ambalo ndo fuso letu kubwa, nalo linaumwa. Kwa hiyo oksijeni inaweza kuwepo tele na namba ikapanda vilevile. Sisemi haipungui kamwe, mgonjwa mwenye mikono ya baridi na magoti yenye mabaka kweli damu haimfikii, ila namba peke yake haikwambii ni lipi kati ya hayo.

Haya, kwanza iamini namba yenyewe au usiiamini. Toa damu bila torniketi (ule mpira wa kufunga mkono), au ukifunga basi usikawie, na usimwambie mgonjwa akunje ngumi akunjue akunje, misuli hiyo inatengeneza lakteti palepale kwenye mkono unaouchoma. Tumia tyubu ya kofia ya kijivu, ile yenye dawa ya kuzuia seli kula sukari, iweke kwenye barafu, ifike maabara ndani ya nusu saa. Mimi nikiwa interni, sitaji wapi, niliiweka tyubu mfukoni mwa koti nikaitwa leba, Februari ile ya Tanga ambayo hata usiku shati linakuganda mgongoni, nikaja kuikumbuka baada ya masaa mawili na tena ilikuwa ya kofia nyekundu. Ikarudi 3.9. Bosi akanitazama tu, akachukua damu mwenyewe kwa utaratibu, ikatoka 2.1. Seli kwenye tyubu ziko hai, zinaendelea kula sukari humo humo. Na ukikuta majibu yameandikwa 41 usizimie, hiyo ni miligramu kwa desilita, gawanya kwa 9.

Pili uliza nani mwingine anatengeneza. Huku kwetu pwani cha kwanza ni malaria, kipimo kifanyike hata kama kidonda cha usaha unakiona kwa macho, maana vimelea vyenyewe vinazalisha lakteti na WHO inahesabu 5 na kuendelea kuwa dalili ya malaria kali. Kapata degedege nusu saa iliyopita? Kavutishwa salbutamoli, ile dawa ya pumu? Yuko kwenye metformini ya kisukari na figo zimegoma? Ini limechoka kwa pombe? Kama ameshaanzishiwa adrenalini kwenye mshipa usishangae lakteti kupanda huku mgonjwa mwenyewe anazidi kuwa vizuri.

Tatu ndo matibabu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Antibayotiki ndani ya saa moja, tafuta usaha uko wapi utolewe, maji kwa kipimo. Miongozo ya kimataifa inapendekeza mililita 30 kwa kilo ndani ya masaa 3 kwa mtu mzima mwenye presha ya chini au lakteti ya 4 na zaidi, lakini miongozo hiyo inawazia wodi zenye ventileta, zile mashine za kumpumulisha mgonjwa. Lusaka, Zambia, walijaribu kumwagia maji mengi mapema watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiwa na VVU, matokeo yakatoka 2017: walikufa asilimia 48 dhidi ya 33 waliotibiwa kawaida. Na watoto wala usiende mbali, Teule hapo Muheza ilikuwa moja ya hospitali za utafiti uliotoka 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya masaa 48, kama asilimia 10.5 dhidi ya 7.3. Kwa hiyo mpe maji kidogo, sikiliza mapafu, rudi tena. (Na jamani Ringa Lakteti haileti asidi ya lakteti, ile ni chumvi yake, ini linaichoma, acheni kuikimbia.)

Nne, pima tena baada ya masaa 2 mpaka 4. Ile 4.6 ya kwanza mi hainisumbui sana kama ya pili. Ikishuka hata kwa asilimia 10 au 20 kwa masaa mawili fuso zimeanza kutembea. Ikibaki palepale usiongeze dripu kwa hasira, jiulize usaha umebaki wapi.

Mashine imekufa au vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimeisha? Bonyeza ncha ya kidole kwa nguvu sekunde 10, achia, hesabu. Ikizidi sekunde 3 kurudi rangi, damu haifiki vizuri. Utafiti wa 2019 kwenye hospitali 28 za Amerika Kusini uliwafuata wagonjwa 424, na waliotibiwa kwa kufuata kidole hawakuishia pabaya kuliko waliotibiwa kwa kufuata lakteti. Kidole hakihitaji umeme.

Kwenye faili andika hivi ili wa zamu ya asubuhi asikupigie simu umelala: "Saa 9 usiku, lakteti 4.6, mkono wa kushoto bila torniketi, kwenye barafu, imepimwa baada ya dakika 15. Malaria hasi. Kidole sekunde 5. Mkojo mililita 20 kwa saa. Irudiwe saa 11 alfajiri."