Kujiunga na skauti shuleni Dar es Salaam: mguu kwanza, skafu baadaye

Watu wengi wa Dar huwaona skauti siku Mwenge wa Uhuru unapopita mtaani kwao. Mtoto mwenye sare ya kaki anasogea mbele, anamvisha kiongozi wa mbio skafu, anapiga saluti na kurudi kwenye mstari. Anayetazama akifika nyumbani tayari anaitaka hiyo skafu. Hapo ndipo mzazi anapokosea: Jumamosi inayofuata yuko Kariakoo ananunua kitambaa, na mtoto hajahudhuria hata kipindi kimoja.

Skafu huvaliwa baada ya ahadi ya skauti, na ahadi huja baada ya mahudhurio. Sare iliyonunuliwa mapema inaishia kabatini mtoto akigundua kwamba kazi yenyewe ni kusimama juani, kuokota taka na kufika saa ile ile kila wiki. Mwache ahudhurie mwezi mzima kwa sare ya shule. Akimaliza bado anataka, sasa fungua pochi.

Kabla ya kuomba fomu

Shule za Dar huwa na vikundi vya aina tatu hivi vinavyokaribiana: skauti, Girl Guides (wasichana) na vijana wa Msalaba Mwekundu. Vyote vinafundisha nidhamu na kujitolea, ila uzito unatofautiana. Msalaba Mwekundu wamejikita kwenye huduma ya kwanza na maafa. Skauti wana gwaride, kambi na kazi za mikono. Mtoto asiyependa kabisa kulala nje asilazimishwe skauti kwa sababu tu kaka yake alikuwemo.

Skauti si JKT ya watoto. JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ilianzishwa mwaka 1963 na ina utaratibu wake wa kuchukua vijana. Skauti ni harakati ya malezi iliyoanzia Uingereza mwaka 1907, na ya kwetu iko chini ya Chama cha Skauti Tanzania. Gwaride lipo, amri zipo, silaha hazipo. Atakayekuambia kwamba cheti cha skauti kinakupa nafasi jeshini moja kwa moja, huyo usimpe hata mia.

Muda mzuri wa kuanza ni Januari shule zinapofunguliwa, au Julai baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Wa darasa la saba na kidato cha nne wenye mtihani mbele yao wasubiri. Walimu walezi wa skauti wenye busara huwa hawapokei wapya wa madarasa hayo muhula wa mwisho, na wana haki.

Fomu, ruhusa na pesa

Muulize mwalimu wa darasa nani ni mwalimu mlezi wa skauti, kisha umfuate mwenyewe siku ya kipindi, siyo wakati wa mapumziko akiwa na kikombe cha chai mkononi. Msalimie, jitambulishe jina na darasa, omba fomu. Mwanafunzi anayekwenda mwenyewe, bila kuvutwa na rafiki, ameshapita mtihani wa kwanza hata kama hajui.

Kwenye fomu, nafasi zinazoachwa wazi mara nyingi ndizo zenye maana zaidi: namba za simu za watu wawili wazima wanaopatikana mchana, na hali ya afya. Pumu, kifafa, selimundu, mzio wa dawa au chakula, vyote viandikwe. Wazazi huficha wakihofia mtoto atakataliwa. Matokeo yake mtoto wa pumu anakimbizwa kwenye vumbi na mlezi hana habari kwamba kuna kipuliza dawa kwenye begi. Kwa mtoto wa selimundu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kukosa maji, kuchoka sana na baridi ya usiku kambini vinaweza kumletea maumivu makali.

Kuhusu pesa, uliza mambo matatu kwa sauti ya kawaida: kiasi gani, kwa ajili ya nini, na risiti iko wapi. Uskauti ni wa hiari, kwa hiyo mchango wake hauhusiani na masomo, na mtoto asizuiwe kuingia darasani kwa sababu hajaulipa. Mzazi pia aulize nani huwa na watoto wakitoka nje ya shule. Jibu sahihi ni watu wazima wasiopungua wawili, na mmoja wao awe mwanamke kama kuna wasichana. Mtu mzima mmoja kubaki peke yake na mtoto mmoja, iwe hemani, garini au ofisini, ni kosa hata kama ni mtu tunayemheshimu. Jambo likienda vibaya, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

Shule isipokuwa na kikundi, wanafunzi wachache wamwone mwalimu mkuu (au mkuu wa shule, kwa sekondari) wakiwa na orodha ya majina na mwalimu aliyekubali kuwa mlezi. Bila mwalimu huyo barua italala mezani. Akiwepo, uongozi wa skauti wa wilaya ndio unaofuatwa kwa usajili na mafunzo ya mlezi.

Gwaride: kinachowashinda wengi

Wiki za mwanzo ni mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, kushoto geuka, nyuma geuka. Inaonekana rahisi mpaka usimame mstarini.

Kwenye mguu sawa visigino vinagusana, ncha za viatu zinaachana kidogo kama herufi V nyembamba, mikono inashuka pembeni, ngumi zimefungwa bila kukazwa na dole gumba linatazama mbele, sambamba na mshono wa suruali. Macho yanatazama mbele kwa usawa wake, hayaangalii miguu. Anayetazama miguu huinamisha bega, na mstari mzima unaonekana umepinda kwa ajili yake.

Amri ina sehemu mbili, ya kutahadharisha na ya kutekeleza. "Mbele..." inakuandaa, "...tembea!" ndiyo inayokuondoa, na unaondoka kwa mguu wa kushoto. Wageni huondoka kwenye neno la kwanza, au hujishtukia wakaanza na wa kulia.

Kosa linalochekesha kuliko yote ni la mtu kupeleka mkono wa kulia pamoja na mguu wa kulia. Kila darasa lina mmoja, na kadiri anavyochekwa ndivyo anavyozidi. Huyu ana mwili uliokazana na anafikiria sana, wala si mzito wa kuelewa. Mtoe pembeni, mwambie atembee tu kama anakwenda dukani huku mnaongea mambo mengine. Mikono itajipanga yenyewe. Akiwa hivyo hivyo anza kuhesabu taratibu, kushoto, kulia, kushoto, bila kumwambia kwamba gwaride limeanza.

La hatari ni kuanguka. Januari na Februari, saa nne asubuhi, jua la Dar halina mzaha. Mtoto aliyekuja bila kunywa chai anasimama magoti yakiwa yamekazwa nyuma, damu inatuama miguuni, ubongo unapungukiwa, anakwenda chini kama mti. Kinga ni kula na kunywa maji kabla, kulegeza magoti kidogo sana, na kuchezesha vidole vya miguu ndani ya viatu, jambo ambalo hakuna atakayeliona. Ukiona macho yanaingia giza, jasho la baridi au masikio yanavuma, kaa chini pale pale. Kukaa ni aibu ya dakika moja, kuanguka uso kwenye zege ni jino. Aliyeanguka alazwe chali kivulini, miguu iinuliwe, nguo zinazobana zilegezwe, wenzake wasimzonge. Asipopata fahamu ndani ya dakika moja hivi, au akiwa ameumia kichwa, apelekwe hospitali.

Ahadi, na namna ya kukunja skafu

Kabla ya kuapishwa utatakiwa kujua ahadi na kanuni za skauti, saluti ya vidole vitatu (dole gumba limelalia kidole cha mwisho), kushikana mkono wa kushoto, na mafundo machache. Ahadi usiikariri kama shairi. Mlezi mzuri atakuuliza kipande cha katikati kina maana gani nyumbani kwenu, na hapo kasuku wote hunyamaza.

Katika mafundo, la kuunganisha kamba mbili zenye unene sawa ndilo la kuanzia: kulia juu ya kushoto na chini yake, halafu kushoto juu ya kulia na chini yake. Ukirudia upande ule ule mara mbili, unapata fundo linalofanana nalo lakini linateleza likivutwa. Angalia ncha zake. Katika fundo sahihi, kila ncha inalala sambamba na kamba yake yenyewe, na katika la makosa inakaa kama msalaba.

Sare nunueni kwa pamoja. Kaki za Kariakoo haziko rangi moja: kuna inayoelekea njano, kuna inayoelekea kijani, na chini ya taa ya dukani zote zinafanana. Chukua kipande cha kitambaa kwa mlezi, kitoe nje juani, kilinganishe. Skafu ni hesabu nyepesi. Mraba wa sentimita 75 ukikatwa kona kwa kona unatoa skafu mbili. Kitambaa cha upana wa inchi 60, urefu wa mita moja na nusu, kinatoa miraba minne, yaani skafu nane. Fundi anayeshona moja moja kwa kukadiria ndiye anayeleta kikosi chenye skafu za saizi nane.

Kuikunja: ilaze mezani ikiwa imepigwa pasi, upande mrefu ukielekea tumboni kwako, kona iliyobaki ikielekea mbali. Anza kuviringisha upande mrefu, mkunjo mwembamba uliobana, kuelekea ile kona, mpaka ibaki pembetatu ya kama kiganja kimoja. Iweke shingoni, pembetatu ikae katikati ya mgongo, ncha mbili zilingane kifuani kabla ya kupandisha pete yake. Ikifunguka baada ya dakika kumi, uliviringisha kwa kulegea au hukupiga pasi. Skafu hiyo hiyo ndiyo bandeji ya kutundikia mkono uliovunjika, kwa hiyo isipunguzwe ili ipendeze.

Kazi za jamii

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi nchi nzima, na ndiyo rahisi kuanzia. Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni kitu kimoja: viroba arobaini vimejaa, vimepangwa vizuri kando ya barabara, picha zimepigwa, na gari la taka haliji. Usiku mbwa wanavipasua, na mvua ya vuli ikishuka vyote viko mtaroni. Wiki moja kabla, mlezi azungumze na mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata kuhusu nani anabeba, saa ngapi, kutoka wapi. Wakikosa gari, kirikuu (pikapu ndogo) moja ya kukodi ni bora kuliko viroba vya kutelekeza.

Ufukweni, Coco Beach kwa mfano, nendeni maji yakiwa yanakupwa, maana taka nyingi hubaki kwenye mstari yalipofika yakijaa. Glavu kwa kila mtoto. Chupa zilizovunjika ziingie kwenye ndoo, kamwe zisiingie kwenye kiroba, kwa sababu kiroba hubebwa kikigusa mguu. Sindano haiguswi na mtoto hata mwenye glavu. Anasimama hapo, ananyoosha mkono juu, mtu mzima anakuja na kopo gumu lenye kifuniko.

Kuvusha wanafunzi barabara kunahitaji uangalifu wa aina nyingine. Skauti hashuki barabarani ili asimamishe gari. Anasimama ukingoni, anawazuia wadogo nyuma yake, na hawaruhusu mpaka gari la kila upande limesimama kabisa. Bodaboda hupita kushoto kwa gari lililosimama, kwa hiyo jicho la mwisho ni la kwake. Kazi hii isianze bila mtu mzima na bila kuwashirikisha polisi wa usalama barabarani.

Na nauli: konda anamtambua mwanafunzi kwa sare ya shule. Kaki ya skauti siku ya Jumamosi haimwambii kitu, kwa hiyo kitambulisho cha shule kiwe mfukoni.

Kambi ya kwanza

Ya kwanza iwe usiku mmoja, shuleni au karibu na mji. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), inaingiwa kwa kibali, na kuni hazikatwi humo, hivyo bebeni mkaa au gesi. Kwa watu 24 pigeni sembe kilo 6 kwa mlo mmoja wa ugali, maharage makavu kilo mbili na nusu, na maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu kwa siku, ya kupikia na kunawa mbali. Maharage yalowekwe tangu asubuhi. Yasipolowekwa chakula cha saa moja kitaliwa saa nne, na watoto wenye njaa hawaimbi.

Kila mtu aje na shuka, chandarua, tochi, sahani, kikombe, sabuni na nguo za kubadilisha zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi. Simu za bei kubwa zibaki nyumbani, kwa maana zikipotea siku nzima ya pili itakuwa ya upelelezi.

Ukimaliza darasa la saba au kidato cha nne, usiondoke na kumbukumbu tu. Mwombe mlezi barua yenye tarehe ya kuapishwa, nafasi uliyoshika kwenye kikosi na kazi ulizofanya, ipigwe muhuri wa shule, kisha ipige picha siku hiyo hiyo. Ukifika shule mpya, mpelekee mlezi wa huko wiki ya kwanza.