Kutafuta Madini ya Fedha Katika Sarafu za Benki Nchini Marekani

Hadi mwaka 1964, sarafu za Marekani za senti kumi, robo dola na nusu dola zilitengenezwa kwa asilimia 90 ya madini ya fedha na asilimia 10 ya shaba. Sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi Julai 1965 iliiondoa fedha katika senti kumi na robo dola, lakini nusu dola ikabakiziwa asilimia 40 hadi mwaka 1970. Sarafu hizo za zamani zingali halali kwa matumizi, na kwa kuwa benki huzihesabu kwa thamani iliyoandikwa juu yake tu, chache huendelea kupita bila kutambuliwa. Anayezitafuta hununua sarafu kwa thamani hiyohiyo, huzipekua, hubakiza za fedha na kuzirudisha nyingine, hivyo mtaji wake haupotei. Kinachotumika ni muda na gharama ya safari.

Ushauri wangu ni kuanza na nusu dola. Sarafu hii haitumiki sana madukani, na ile ya mwaka 1964 yenye sura ya Rais Kennedy, aliyeuawa Novemba 1963, iliwekwa majumbani na watu wengi kama kumbukumbu. Mwombe mhudumu wa dirishani vibunda vya karatasi, ambavyo kila kimoja huwa na sarafu 20 zenye thamani ya dola 10, au uagize mapema sanduku zima la vibunda 50, yaani dola 500. Usisahau kuuliza kama kuna nusu dola zilizolala kwenye droo yake, au vibunda vilivyofungwa kwa mkono na wateja wenyewe. Mimi huvithamini hivyo kuliko sanduku, kwa sababu vingine hutoka moja kwa moja kwenye akiba ya nyumbani ambayo haijapekuliwa na mtu mwingine.

Ukifika nyumbani, usianze kusoma mwaka wa kila sarafu. Zipange zote zikiwa zimesimama kwa safu, ukingo ukielekea juu, chini ya taa yenye mwanga mweupe. Sarafu za kawaida huonyesha mstari wa kahawia wa shaba katikati ya ukingo. Ile ya asilimia 90 ni nyeupe kuzunguka pande zote, na jicho huiona mara moja. Ya asilimia 40 ndiyo inayowaponyoka wengi, kwani ukingo wake una wekundu hafifu unaofanana na uchakavu. Kwa hiyo itoe kila sarafu unayoitilia shaka, kisha usome mwaka. Mizani inasaidia ikiwa inapima hadi sehemu ya mia ya gramu: nusu dola ya asilimia 90 ina gramu 12.5, ya asilimia 40 ina gramu 11.5, na ya kawaida ina gramu 11.34. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho ni ndogo mno, na sarafu iliyolika inaweza kukupotosha, kwa hiyo mwaka ndio shahidi wa kuaminika zaidi.

Zipo pia sarafu zenye herufi S na uso unaong'aa kama kioo, zilizotengenezwa San Francisco kwa ajili ya wakusanyaji. Tangu mwaka 1992 baadhi yake ni za fedha na nyingine ni za kawaida, hivyo hapo amua kwa ukingo.

Kwa senti tano kanuni ni tofauti kabisa. Wakati wa vita, kuanzia mwaka 1942 hadi 1945, nikeli iliondolewa na fedha ya asilimia 35 ikatumiwa badala yake. Zitambue kwa herufi P, D au S yenye umbo kubwa, iliyo juu ya kuba la Monticello, jengo lililochorwa upande wa nyuma wa sarafu.

Ulichokipata usikisugue wala kukitia dawa ya kung'arisha, maana wakusanyaji huishusha thamani sarafu iliyosafishwa. Zilizobaki zipeleke katika benki tofauti na ile unakonunua, ukiwa umeuliza kwanza jinsi wanavyopokea sarafu: ukizirudisha palepale, unamwongezea mhudumu kazi, na baadaye utauziwa zilezile ulizokwisha kuzipekua.